Goti Langu Limeponywa Bila Ridhaa Yangu

Yusufu Saidi Likwena,
Nanyamba,
Mtwara Vijijini.

12 Desemba, 2003

Mganga Mfawidhi,
Hospitalini,
MTWARA.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA CHUMBA CHA MAZOEZI YA VIUNGO, PAMOJA NA MAOMBI YA CHETI CHA KUENDELEA KUWA MGONJWA

Mheshimiwa Mganga,

Nakusalimu kwa heshima na kwa masikitiko, nikitumaini kwamba wewe na watumishi wako hamjambo, na kwamba wagonjwa wenu wanaendelea vizuri na ugonjwa wao.

Mimi ni mkulima wa korosho na muhogo. Kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa chama chetu cha msingi, hivyo kuandika malalamiko si jambo geni kwangu. Nimewahi kulalamikia salfa ya kupulizia mikorosho iliyochelewa mpaka maua yakaungua, magunia yaliyotoboka, na lori lililolala njiani na korosho zetu mvua ikinyesha. Kulalamikia kuponywa ndiyo mara yangu ya kwanza, kwa hiyo naomba uniwie radhi pale nitakapokosea utaratibu.

Kwanza nieleze tukio lenyewe. Mwezi wa Mei nilipanda juu ya mkorosho kukata tawi lililokufa. Mke wangu, Somoe, alikuwa amesimama chini akiniambia nishuke, kazi hiyo niwaachie vijana. Nilianza kumjibu kwamba mikorosho hii mimi naifahamu kuliko mtu yeyote katika kata hii. Sentensi hiyo sikuimaliza. Tawi nililokuwa nimelikanyaga, ambalo kwa macho lilikuwa zima kabisa, lilivunjika, nami nikavunjika nalo, chini kidogo ya goti la kulia. Mlinifunga plasta ngumu kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, nikakaa nayo mpaka mikorosho ikaanza kutoa maua. Kuhusu plasta sina lalamiko lolote. Mtu mwenye plasta anajulikana kuwa ni mgonjwa hata na mpita njia aliye juu ya baiskeli.

Plasta ilipofunguliwa, mguu ulitoka mwembamba, ngozi imekauka, na goti limekaza kama bawaba yenye kutu. Lilikuwa halikunjiki. Daktari wenu akalitazama, akasema mfupa umeunga vizuri, sasa niende chumba cha mazoezi kwa Bi Helena. Nikauliza kama huko nitalazwa. Akasema hapana, nitakuwa nakwenda na kurudi. Basi nikahamia mjini kwa binti yangu Mariamu, aliyeolewa Chikongola, na Somoe akanifuata. Hapo ndipo yalipoanza haya ninayoyapanga kwa namba ili usipate taabu kuyajibu.

1. Niliulizwa maswali badala ya kutibiwa.

Siku ya kwanza nilikwenda na kanzu safi, nimejiandaa kwa sindano. Bi Helena ni mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Tukuyu, mwenye viganja vikubwa na sauti ya chini. Alinifunika shuka kama nilivyomwomba, akaliacha goti peke yake nje, akaligusa huku na huku, akaupima na mguu mzima ili aulinganishe na ule mbovu. Kisha akaanza. Naumia nikifanya nini? Asubuhi limekaza zaidi au jioni? Nyumbani kuna ngazi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?

Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni babu wa watu, na habari za choo changu hazijawahi kujadiliwa hadharani. Akasema, "Mzee wangu, goti hili ndilo litakalokupeleka huko. Lazima nijue." Nikamjibu, kwa kuwa sikuwa na namna.

Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuniuliza tangu nizaliwe: "Mguu ukirudi, unataka uufanyie nini?"

Nikahisi ananitafutia kazi. Nikamwambia nataka kutembea.

"Kwenda wapi?"

"Msikitini."

"Ukishafika?"

Tangu mwezi wa Mei nilikuwa naswali nimekaa kitini, naashiria kwa kichwa, na dini inaruhusu, wala hakuna aliyenisema. Lakini mtu aliyeweka paji la uso chini tangu utotoni, akiambiwa aiache hewa ijaze nafasi hiyo, kuna kitu kinachompungukia ambacho siwezi kukieleza katika barua ya kiserikali. Nikamwambia, "Nataka nisujudu."

Yeye ni Mkristo, anasali na Wamoraviani. Badala ya kusema amenielewa na kuendelea, aliniomba nimweleze namna inavyokuwa: goti lipi linatangulia, uzito unaangukia wapi, vidole vya miguu vinakuwaje. Nikaeleza kwa mdomo. Akaona haitoshi, akashuka yeye mwenyewe chini sakafuni na sare yake nyeupe, akapiga magoti ili aone goti linakunjika kiasi gani. Wagonjwa wote walikuwa wanatazama. Alipoinuka akapangusa magoti, akasema, "Kazi ipo. Tuanze."

Kazi. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu.

2. Dawa haikutolewa.

Niliomba vidonge. Akasema daktari ameshaniandikia vya maumivu, nivimeze saa moja kabla ya kuja. Niliomba basi nipewe japo dawa ya kuchua. Akasema mikono yake inatosha. Nimetoka Nanyamba, nimepanda lori juu ya magunia, kwenda kuona mikono.

3. Mgonjwa ndiye anayefanya kazi, na mtumishi wa serikali anatazama.

Ninyi mnalipwa mshahara ili mtutibu. Katika chumba hicho mambo ni kinyume. Anayevuta mguu ni mimi. Anayeubana msuli wa paja, akiligandamiza goti juu ya taulo lililoviringishwa, ni mimi. Anayeburuta kisigino juu ya mkeka kurudi nyuma, mpaka jasho linaingia machoni, ni mimi huyo huyo. Bi Helena anakaa pembeni anasema, "Pumua. Usibane pumzi." Kupumua nako ni kazi niliyoongezewa.

Ni kweli kwamba kila baada ya muda anashika goti kwa mikono miwili na kukisogeza kile kifupa cha mbele juu na chini. Jambo hilo silihesabu kuwa ni msaada, kwa sababu zifuatazo katika namba ya nne.

4. Maumivu.

Yapo.

Nilimlalamikia. Akaniuliza ni maumivu ya aina gani, ya kuvuta au ya kuchoma. Nikasema maumivu ni maumivu. Akasema hapana: yakiwa ya kuvuta, kama kamba ngumu inayonyooshwa, tunaendelea taratibu, yakiwa ya kuchoma kama kisu, nimwambie palepale tusimame. Kuanzia siku hiyo, Mheshimiwa, sikuweza tena kupiga kelele kwa uhuru. Kila nilipofungua mdomo nilijikuta najiuliza kwanza ni ya aina gani, na nikishajua, kelele imepita.

5. Kuajiriwa kwa mke wangu bila mimi kushirikishwa.

Hili ni zito na nitalieleza kwa urefu.

Siku moja Bi Helena alimwita Somoe aingie ndani. Nilidhani anataka kumpa pole. Alimwonyesha kila zoezi: mkono aushike wapi, taulo aliviringishe vipi, goti likivimba aonaje, likipata moto afanyeje. Somoe hakuwahi kusoma unesi wala kitu chochote cha hospitali, lakini siku hiyo alirudi Chikongola anatembea kama amepandishwa cheo.

Kuanzia hapo sikuwa na amani asubuhi wala jioni. Nikiwa nimekaa barazani nakula ming'oko yangu, vile viazi pori vyetu, anatandika mkeka. Nikisema nimechoka, anasema, "Bi Helena kasema." Nikisema nitafanya baadaye, "Bi Helena kasema sasa." Nikisema nimeshafanya wakati yeye yupo sokoni, anainama na kulitazama taulo. Likiwa limesimama vizuri bila kubonyea, ananitazama mimi. Mume wa mtu anatazamwa kwa ushahidi wa taulo!

Nilipeleka shauri hili kwa Bi Helena. Nilimwambia kwamba katika nyumba yetu, tangu tuoane, mimi ndiye ninayesema jambo likafanyika. Somoe alikuwepo. Wale wanawake wawili hawakucheka. Walitazamana tu, na mimi ningependelea wangecheka.

Kwa kuwa nimeapa kueleza yote, niseme pia kwamba Somoe hakuwa msimamizi wa kukaa kimya. Nikiburuta kisigino alikuwa akinihadithia: nani kazaa kule kijijini, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani, mambo ya ujana wake kwao Msimbati ambayo sikuwahi kuyasikia katika ndoa yetu yote. Siku moja alinieleza jinsi alivyonikataa mara ya kwanza nilipopeleka posa, na sababu yake. Sababu hiyo haihusiani na malalamiko haya. Ninaitaja tu kuonyesha kwamba zoezi lilirefushwa kupita muda wake, na kwamba sikulalamika wakati huo.

6. Kurushiana mpira.

Katika chumba hicho kuna mgonjwa mwingine aitwaye Mathayo, mpakiaji wa bandarini, mtu wa Moshi, aliyeteguka bega baada ya kuvutwa na kamba ya kupakilia mizigo. Mathayo ni mtu mzima mwenye kilo nyingi na watoto wa sekondari. Bi Helena alinisimamisha mimi katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, akaniambia niachie vyuma, nisimame kwa mguu mbovu. Akamsimamisha Mathayo mbele yangu, akampa mpira wa watoto wenye rangi nyekundu, akasema, "Rusha kwa mkono unaouma. Mzee, wewe udake."

Nilimuuliza kama mkuu wake wa kazi anajua.

Tulirushiana. Mathayo alikuwa akirusha huku anamwita Yesu, nami nadaka huku namtaja Mtume, na katikati yetu mwanamke wa Tukuyu anasema, "Vizuri, ndaga, tena," maana ndaga kwao ndiyo asante. Mara ya kwanza mpira ulinipita kwa sababu niliogopa kuanguka. Baadaye nilianza kuudaka. Baada ya hapo, naomba lisiandikwe popote, nilianza kuurusha juu zaidi kwa makusudi ili Mathayo ainue mkono ambao alikuwa akisema hauinuki. Aliinua. Alipogundua alichofanya aliketi kwenye benchi akashika uso, na mpira ukaviringika ukaingia chini ya kitanda, hakuna aliyeukimbilia.

Nauliza: je, hivi ndivyo watu wazima wanavyotakiwa kutumiwa katika taasisi ya umma?

7. Bi Helena alikataa kuniahidi.

Kabla ya kufika kwenu niliwaendea watu wengine, kama ilivyo desturi mtu akiumia. Mmoja aliniahidi kwamba mwezi ukiandama nitakimbia. Mwingine aliniahidi kwamba mguu utakuwa na nguvu kuliko ule wa kushoto. Hata dereva wa lori lililonileta mjini aliniahidi. Watu hao wote nawaheshimu, maana mtu akitoka kwao anatoka na furaha, hata kama anatoka kwa magongo.

Mwezi wa Septemba goti lilianza kukunjika, kisha likakwama. Wiki ikapita, nyingine ikapita, halisogei. Nikaamua kuliharakisha mwenyewe. Asubuhi moja, Somoe akiwa kisimani, nilitoka na gongo moja nikatembea mpaka karibu na bandari na kurudi, na niliporudi nikajilazimisha kuchuchumaa. Kufika adhuhuri goti lilikuwa limevimba kama boga na lina moto. Somoe aliliona. Alifunika mdomo kwa kanga akatoka nje, na nikamsikia analia nyuma ya jiko.

Kesho yake Mariamu alinipeleka hospitalini. Bi Helena akaligusa, akasema hapajavunjika kitu, limechokozwa, lipumzike siku chache likiwa limeinuliwa juu ya mto na kitambaa cha maji baridi, kisha tuanze tena nyuma kidogo ya pale tulipofika. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nilikuwa na majibu.

Badala yake nikamuuliza, "Nitasujudu tena, au mnanizungusha tu?"

Akaacha alichokuwa anafanya. Akavuta kigoda akaketi, tukawa macho kwa macho. Akasema, "Mzee Yusufu, sijui. Nikikwambia ndiyo nitakuwa naongopa. Wapo waliokuwa kama wewe wakarudi kabisa, na wapo waliobaki na kiti. Ninachojua ni kwamba ukiacha sasa, halitakunjika zaidi ya hapa. Ukiendelea, tutaona pamoja."

Hilo ndilo jibu alilonipa mtumishi wa serikali. Mtu umeumwa miezi kadhaa, unaambiwa "sijui."

Nililia, Mheshimiwa. Naliandika hili kwa sababu malalamiko lazima yawe na ukweli. Nililia mbele ya Mariamu na mbele ya Mathayo, ambaye aligeukia ukutani akaanza kufanya zoezi lake ambalo hajapangiwa. Kisha nikamwambia Bi Helena aniongoze, tuanze pale aliposema.

8. Mwezi wa Ramadhani haukuniokoa.

Nilitarajia kwamba funga ingenipa likizo halali. Bi Helena aliniuliza kama nafunga na kama nina nguvu, akabadilisha ratiba nzima: mchana mepesi ya kitandani, makubwa baada ya futari. Somoe aliipokea ratiba hiyo kama amri ya jeshi. Watu wa Chikongola wanakula futari na kupumzika. Mimi nakula futari na kupanda na kushuka ngazi ya mlangoni kwa mkwe wangu, majirani wanatazama. Baadhi ya wazee wa mtaani walianza kuja na viti vyao.

Kumi la mwisho nikaomba kurudi Nanyamba ili Idi inikute nyumbani. Bi Helena akaruhusu, akampa Somoe maagizo.

9. Siku ya Idi.

Naomba uisome namba hii ukiwa umekaa.

Kwetu swala ya Idi huswaliwa kwenye uwanja wa mpira wa shule. Somoe alihakikisha kiti changu kimebebwa, kikawekwa mwisho wa safu ya mbele. Rakaa ya kwanza niliswali kama nilivyozoea: nikasimama, wengine walipokwenda chini nikaketi na kuinamisha kichwa. Nilikuwa naona migongo ya watu wote, kanzu nyeupe mpaka kwenye goli la upande wa pili, na mimi peke yangu niko juu kama mtu anayehesabu.

Rakaa ya pili, imamu alipotoa takbira ya kwenda chini, sikuketi. Sijui nani aliamua. Niliweka mkono wa kushoto kwenye mchanga, nikateremsha goti zima, kisha nikaliteremsha goti tajwa. Lilivuta. Nikajiuliza ni ya aina gani. Ilikuwa ya kuvuta. Nikaendelea, paji la uso likafika chini.

Mchanga ulikuwa bado una ubaridi wa usiku. Nilisema maneno yanayosemwa pale, nikayarudia, na nikapitiliza. Watu walipoinuka mimi nilibaki. Walio karibu baadaye waliniambia walidhani goti limekataa kuinuka. Halikukataa. Mimi ndiye niliyekuwa sijamaliza.

Baada ya salamu, hata hotuba haijaanza, kigelegele kilisikika kutoka safu za wanawake. Kimoja tu. Imamu alishusha macho, kisha akaendelea kama hakusikia. Kila mtu Nanyamba anajua sauti ya Somoe. Aibu hiyo nimeibeba mimi, na chanzo chake ni hospitali yako.

10. Hasara zilizofuata.

Kabla ya saa sita kiti changu kilikuwa kimechukuliwa kwenda kwenye harusi, na hakijarudi. Supu ya kuku imekoma. Mvua za kwanza zilipoanguka niliamshwa kwenda kupanda kama mtu wa kawaida. Kuliposikika msiba upande wa pili wa kijiji, nilipewa jembe, wala hakuna aliyeuliza. Wale waliokuwa wanakuja barazani kuniletea magomvi yao niwaamue, kwa kuwa nilikuwa sina pa kwenda, sasa wakinikuta nimekaa wanasema, "Kumbe uko huru, twende basi."

Nilirudi kwa Bi Helena mara moja zaidi, nikamwonyesha. Akanifanya nikae, nisimame, nichuchumae, nipande ngazi, nishuke. Akasema, "Mzee, umemaliza. Endelea na mazoezi ya nyumbani mpaka miguu ilingane, lakini huku huna haja ya kuja tena." Nikamwomba wiki moja nyingine. Akasema kuna watu wanasubiri nafasi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nikatolewa. Mtu anafukuzwa kwa sababu amefaulu.

Na kuna hasara ya mwisho, ambayo sikukusudia kuiandika. Kwa kuwa nimepona, jioni Somoe ana kazi zake. Mkeka unatandikwa siku moja moja, wakati mwingine hautandikwi. Nikimwambia goti linauma ananiuliza ni maumivu ya aina gani, na nimeshindwa kumdanganya. Mazungumzo yetu yalikuwa yamefika mahali pazuri, kwenye mwaka ule tuliofyeka shamba la kwanza, na yameachwa hapo.

Kwa kuzingatia yote niliyoeleza, naomba yafuatayo:

(a) Nipewe cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba mimi, Yusufu Saidi Likwena, bado ni mgonjwa, angalau hadi msimu ujao wa korosho.

(b) Cheti hicho kieleze wazi kwamba mgonjwa anahitaji mazoezi ya jioni juu ya mkeka, na kwamba msimamizi asibadilishwe.

(c) Bi Helena aelekezwe kwa maandishi kwamba, kwa wagonjwa wa umri wangu, asimalize kabisa. Abakize kidogo.

(d) Pasiwe na adhabu yoyote juu yake kwa yaliyotokea. Sikusema amekosea. Nimesema amefanya.

Ukiona maombi haya ni mengi, (a) na (c) unaweza kuziacha.

Nifikishie salamu zangu kwa wauguzi wote wa zamu, kwa mlinzi wa getini ambaye alikuwa akinishikia magongo nikivuka mtaro, kwa Mathayo ikiwa bado anakuja, na umwambie kwamba bega lake naliombea pamoja na langu ambalo halijaumia. Mkwe wangu na Mariamu wanawasalimu. Somoe anamsalimu Bi Helena peke yake, na amesema anajua mwenyewe sababu.

Naifunga barua hii kwa unyenyekevu, nikiwa na imani na ofisi yako, ingawa imani hiyo imenigharimu.

Ni mimi mgonjwa wako wa zamani, bila kupenda,

Yusufu Saidi Likwena

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii tulipopata habari za Ismaili, mdogo wake Somoe, anayekaa Msimbati. Aliteleza kwenye mawe ya ufukweni mwezi wa Agosti akavunja mguu. Plasta imefunguliwa, lakini amekataa kutoka kitandani, anasema mguu huo umekwisha na asisumbuliwe. Jana tulikwenda kumwona. Njia ya mchanga ya kuingia kijijini kwao niliitembea kwa miguu yangu, na Somoe hakuacha kuongea mpaka tukafika. Nilikaa na Ismaili mchana wote, nikamkunjia goti kidogo kidogo kwa mikono yangu mwenyewe, na Somoe ameshika taulo.

Jumatatu nitamleta hapo, na ninaomba apokewe na Bi Helena, si mtu mwingine yeyote. Kwa sababu hiyo naomba lile suala la cheti lisimame kwanza, kwa kuwa sioni mgonjwa atakavyomleta mgonjwa mwenzake. Nitakuwa nakuja naye kila mara atakapotakiwa, na Somoe atakuja pia.

Nimemwambia mgonjwa wangu kwamba mazoezi hayaumi hata kidogo. Tafadhali barua hii isiachwe mezani, maana Ismaili anajua kusoma.